Kipande Changu Hakizikwi

Huko Kwihara, kwenye makaburi ya ukoo wetu, palichimbwa kaburi langu mimi nikiwa hai. Lilikuwa dogo, halifiki hata dhiraa moja, ubavuni mwa kaburi la babu yangu. Nilisimama ukingoni mwake nikiwa na upara chini ya mtandio na viatu vinavyonipwaya, nikaambiwa nitoe kinachozikwa, nikakataa. Haya ninayoandika ni habari za kukataa huko. Nawaandikia wanawake walioko leo kwenye mabenchi ya kliniki za saratani, ambao kila mtu anawaambia washukuru wako hai na wasiulize mengine. Ulizeni. Mimi niliuliza, na bado nashukuru.

Naitwa Ruwaida. Kwetu ni Tabora mjini, watu wa duka la vitambaa tangu enzi za misafara, na nimekulia nyuma ya kaunta nikipima bafta na mashuka. Ukinifumba macho, ukachana kitambaa, nakwambia ni kitambaa gani kwa mlio wake tu. Nayasema haya mapema kwa sababu kitambaa kitarudi.

Mtoki ulinitoka shingoni msimu wa baridi, wakati ule ambao asubuhi za Tabora zinamfanya mtu anywe chai bila kuvua koti. Mama akanikanda kwa mafuta ya habasoda. Baridi ikaisha, mtoki ukabaki, ukaita wenzake. Jua la Oktoba lilipoanza kuchoma nilikuwa naloa jasho kitandani mpaka godoro linaanikwa uani. Hospitali wakakata kidogo, wakapima, wakasema saratani ya mitoki, na nikaandikiwa kwenda Dar es Salaam.

Siwezi kukueleza saratani inavyofanya kazi, waliosomea wapo. Ninachokijua ni treni. Nilikwenda na kurudi kwa reli ile ya zamani, natiwa dawa, narudi nyumbani, napata nguvu, naondoka tena. Safari moja ya kurudi nilitapikia dirishani pale stesheni ya Tura. Mwanamke aliyekuwa akiuza karanga chini ya dirisha alipaswa kunitukana. Akaweka sinia lake chini, akanipa maji ya kusukutulia, akasema, "Pole, mwana wane," yaani mwanangu kwa Kinyamwezi. Nikalia kuliko nilivyolia siku niliyopewa majibu. Usidharau mambo kama haya ukiumwa. Kuna siku yanakuwa ndiyo chakula chako.

Benchi la kliniki nalo lina mambo yake. Watu wanafika alfajiri na kuondoka jioni, kwa hiyo mnajuana mpaka majina ya mbuzi. Jirani yangu wa benchi alikuwa mama mmoja wa Ziba, mke wa mfugaji, mwenye ugonjwa wa titi. Alikuwa na ukwaju kwenye pindo la kanga, akanifundisha kuumung'unya ili mdomo usiwe na ladha ya chuma. Siku moja akaniangalia akaniuliza, "Una watoto?"

"Sijaolewa, mama."

"Mimi ninao sita. Wakinikata hili titi, basi, limeshafanya kazi yake. Wewe umewauliza habari za tumbo lako?"

Sikuwa nimeuliza. Hakuna aliyenieleza kwamba ni swali. Nilikuwa nimeshukuru tu, kama nilivyoambiwa.

Dawa zile zilifanya kazi, nikarudi dukani, nywele zikaota laini kama za mtoto. Masika ya kwanza yakapita. Masika ya pili hayajaanza, nikashika shingo nikioga, nikaukuta mtoki umerudi.

Safari hii daktari wa Dar, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, alisema nitahitaji dawa kali zaidi na kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, na kwamba nitapelekwa India. Nilikuwa na kaka yangu Nassor, ambaye ndiye angenisindikiza. Yeye akaanza kuuliza habari za viza. Mimi nikamkatiza.

"Daktari, na uzazi wangu?"

Nassor akaanza kuchunguza feni ya darini. Daktari akaweka kalamu chini, akanitazama mimi, si kaka yangu, na kwa hilo nitamkumbuka siku zote. Akasema dawa hiyo itazikausha ovari zangu, karibu hakika. Akasema muda wa kuivisha mayai na kuyatoa hatuna, ugonjwa hautangoja. Lakini kuna njia nyingine. Huko ninakokwenda wanaweza kukata kipande cha ovari kabla ya dawa, wakakigandisha, na nikishapona wakakirudisha mwilini. Wapo ambao siku zao zilirudi, na wapo waliozaa. Na wapo ambao hawakupata kitu.

"Ngoja kwanza tumpigie Baba," akasema Nassor.

"Ovari ni za Baba?"

Daktari akakohoa kuficha kicheko. Nassor akanuna mpaka tulipofika getini, kisha akaninunulia juisi ya miwa, na kwa Nassor hiyo ndiyo radhi. Nikampigia Baba mwenyewe. Sikumwomba ruhusa, nilimpa habari. Akasema, "Mungu akutangulie." Gharama zilikuwa kubwa, na sitazihesabu hapa.

India sikuiona. Niliona korido, dirisha, na mti mmoja uliojaa kunguru. Nassor, mwenye Kiingereza cha kununulia mizigo Dubai, ndiye aliyekuwa mkalimani wangu, na masikini aliteseka. Kaka wa Kiislamu wa Tabora kusimama katikati ya daktari na dada yake kutafsiri habari za hedhi, ni mtihani. Alikuwa akisema "kile kitu chako" mpaka nikachoka.

"Nassor, sema ovari. Haing'ati."

"Haya. Ovari," akasema, huku akiangalia kunguru.

Walinitoboa matundu madogo chini ya kitovu, wakachukua kipande, wakaniamsha. Nikapapasa tumbo na kucheka, na kicheko kikauma. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, mtu alikuwa amekata kitu mwilini mwangu kwa ajili ya kesho.

Jioni hiyo Nassor akapiga simu nyumbani. Aliyepokea ni Bibi. Bibi Zuwena, mama yake Baba, ndiye mkubwa wa nyumba yetu, na hakuna linaloamuliwa kabla hajamaliza kahawa yake.

"Wamemkata kipande cha ndani, Bibi. Anaendelea vizuri."

"Kipande chenyewe mmekiweka wapi?"

"Wamekigandisha. Kimewekwa kwenye barafu kali."

"Alhamdulillahi," akasema Bibi, "hakitaharibika njiani."

Nassor akadhani ni dua. Mimi nilikuwa na usingizi wa dawa. Hakuna kati yetu aliyejiuliza njia gani.

Hapa lazima nieleze habari za mguu wa Babu. Babu alikuwa na sukari, na mguu wake ulikatwa Dar. Kwa desturi yetu, kiungo cha mtu hakitupwi kwenye takataka za hospitali. Ami yangu aliupakia mguu ule kwenye sanduku la barafu, akausafirisha kwa treni mpaka Tabora, ukaviringwa bafta nyeupe ya sanda, ukazikwa Kwihara kwa heshima zote. Babu aliufuata baadaye. Mpaka leo Bibi akizuru kaburi lake husema, "Yupo wote." Kwa hiyo Bibi aliposikia kipande kimekatwa na kimewekwa kwenye barafu, alielewa kama mtu yeyote wa nyumba yetu angeelewa. Akatoa bafta dukani, akaikunja kwenye kasha la nyumba yetu ya shamba kule Kwihara, na akamwambia Mzee Maganga, anayetuangalizia shamba, achimbe.

Sisi hatukujua. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha vioo, nikipata dawa ile kali. Ulimi ulivimba, koo likachubuka, kucha zikawa nyeusi, nyusi zikadondoka. Niliona sura yangu kwenye kijiko nikadhani ni ya mtu mwingine. Nassor alisimama nje ya kioo kila siku, ameinua simu ili nimuone Mama, na Mama naye alikuwa ameishika simu yake vibaya, nikawa naona paji la uso tu. Nililipenda paji lile. Kwenye siku mbaya kabisa nilikuwa nakifikiria kipande changu kimelala pembeni kwenye baridi yake, hakijui lolote, hakijaonja hata tone la sumu ile. Nikawa nakiambia, angalau wewe umepona.

Tulirudi Tabora mvua zinaanza. Siku zangu zilikuwa zimekoma. Likaja joto, lile la wanawake watu wazima, linalopanda kutoka kifuani mpaka utosini na kukuacha umelowa. Mama naye alikuwa kwenye umri huo huo wa joto. Tukawa tunagombania feni moja, mama na binti, yeye anaielekeza kwake, mimi naigeuza. Tulicheka, kisha siku moja Mama akaacha kucheka, akaenda jikoni, na nikamsikia analia juu ya mchele.

Jambo jingine ni sala. Kwenye nyumba ya Waislamu mwanamke akiwa kwenye siku zake hasali, na wanawake wenzake wote wanajua. Mimi mwezi baada ya mwezi sikukosa sala hata moja. Majirani wakasema ugonjwa umenifanya mcha Mungu.  Bibi alikuwa ananitazama tu ninapotandika msala.

Nilipopata nguvu kidogo, Bibi akaagiza gari, twende Kwihara sote. Nikadhani ni dua ya shukrani. Mzee Maganga alitupokea na jembe mkononi.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimelisafisha, mvua ilikuwa imeingiza matope."

Tukaenda makaburini, na hapo nikaliona. Bibi alikuwa na bafta mkononi. Akamgeukia Nassor.

"Haya, lete."

"Nilete nini, Bibi?"

"Kipande cha dada yako. Kiko wapi?"

Nassor akatazama begi lake la laptopu kana kwamba huenda kimo. "Kiko India, Bibi. Si nilikwambia wamekigandisha?"

"Wamekigandisha ili mje nacho. Mmemwacha mwenzenu huko kwa watu? Nusu huku, nusu huko?"

Nikaeleza mimi. Nikasema hakikugandishwa kwa safari, kimetunzwa kwa ajili ya kurudishwa. Bibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Kilichokatwa kimekatwa, Ruwaida. Hakirudi. Mguu wa babu yako haukurudi. Wanakudanganya ili mkawalipe. Waambie wakilete, tukizike, uwe umekamilika. Na moyo wako utulie."

"Mguu wa Babu ulikuwa umeoza. Changu ni kizima."

"Kizima kwenye barafu?"

"Bibi, mimi mwenyewe nililala kwenye chumba cha vioo siwezi kumeza mate, na hukunichimbia kaburi. Uliningoja. Basi na hicho kingojwe. Hakijafa. Hakizikwi."

Hakuna aliyewahi kumjibu Bibi hivyo makaburini. Baba aliangalia viatu vyake. Mama akanishika mkono, na sikujua kama ananizuia au ananishikilia nisianguke. Mzee Maganga, aliyekuwa ameegemea jembe lake, akauliza kwa adabu, "Nifukie, basi?"

"Usifukie," akasema Bibi. "Lingoje."

"Lingoje," nikasema na mimi. Bibi akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha kasha kinafungwa.

Hatukusemezana vizuri muda mrefu. Nilikuwa namsalimia shikamoo, ananipa marahaba, basi. Kwenye nyumba ambayo mnakunywa kahawa kwenye birika moja, hiyo ni adhabu. Na Bibi hakuwa mkatili, hilo lazima niliseme. Alikuwa anaogopa nitakaa maisha yangu yote nikitazama barafu ya watu. Nami usiku mwingine niliogopa hilo hilo. Nilichotaka kilikuwa kimoja: nirudishiwe changu, niwe mwanamke wa umri wangu, nipate nafasi ya kujaribu. Nafasi tu. Mbona kuomba nafasi kulionekana tamaa?

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wa kuuliza kila mwaka kama waendelee kukitunza au waache. Ujumbe unaingia kwenye simu ya Nassor, kwa sababu namba aliandikisha yeye. Uliingia wakati maembe yamejaa sokoni. Sikuambiwa. Niliwakuta Baba na Nassor dukani wananong'ona nyuma ya majora, na waliponiona wakaanza kuzungumzia bei ya mashuka.

"Kuna nini?"

Baba akapanguza miwani. "Mama, tumefikiri labda tusijibu. Bibi yako analala na jambo hili, anaamka nalo. Na wewe umepona, ndilo kubwa. Tukinyamaza, litaisha lenyewe."

Baba huniita Mama anapotaka nikubali. Safari hiyo jina halikufanya kazi.

"Nassor, nipe simu."

"Ruwaida..."

"Ulisimama nje ya kioo kila siku. Leo unataka kunyamaza? Nipe simu."

Akanipa. Nikaandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba mwenye kipande ni mimi, kwamba waendelee, na kwamba kuanzia sasa waniulize mimi, na namba yangu ni hii. Nikabonyeza kutuma mbele yao. Joto likanipanda palepale, nikalowa mgongo mzima, nikachukua jora la shuka nikajipepea kwa ncha yake. Baba akaniletea kiti. Kuanzia siku hiyo hakuzungumzia tena kunyamaza.

Nilipimwa, nikapimwa tena. Baridi, vuli, masika. Daktari wa Dar alipotosheka kwamba mitoki imekaa kimya, na wa India walipokipima kipande chenyewe wakaona ni kisafi, tukaenda. Safari hii Nassor alisema "ovari" mbele ya wauguzi bila kupepesa, mpaka nikamwambia apunguze sauti. Wakanirudishia. Tumbo likaongeza kovu jingine dogo. Wakasema nisubiri, wakasema huenda ikawa miezi, na huenda ikawa sivyo.

Kusubiri kwa namna hii hakuna benchi wala namba ya kuitwa. Unasubiri ukiwa unapima bafta, unasubiri ukiwa unakaanga samaki. Kila nikienda chooni nilitazama, kila mara hakuna kitu. Nilimkasirikia kila aliyeniambia nisiwe na haraka. Kisha, baridi inapoanza kuondoka, Mama akaniuliza asubuhi moja, "Mbona siku hizi hunigombanii feni?"

Sikuwa nimetambua. Niligeuka nikaitazama ile feni, imeelekezwa kwake yote. Tuliogopa hata kutumaini.

Siku ilipokuja tulikuwa Kwihara, kwa hitima ya Babu. Wanawake walikuwa wamemaliza kupika, adhuhuri imeingia, misala imetandikwa sebuleni mwa nyumba ya shamba. Nilikuwa nimetoka chooni. Nilisimama mlangoni nimeshika fremu. Bibi, aliyekuwa amekwishajifunga mtandio wa sala, akanionyesha nafasi karibu naye.

"Njoo, unatuchelewesha."

"Mimi leo sisali, Bibi."

Wengine waliendelea kurekebisha mitandio yao. Bibi hakuendelea. Alinitazama usoni, kisha tumboni, kisha usoni tena.

"Huna kitu cha kujistiri?"

"Sina. Sikutarajia."

Nilikuwa na miaka mingi sijabeba. Duka la karibu lilikuwa mbali. Bibi akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akafungua kasha. Nikasikia mkasi ukikata kidogo kwenye pindo, kisha mlio ule ambao ningeutambua popote. Bafta. Akachana pande moja, la pili, la tatu. Akayakunja kuwa sode, vitambaa vya hedhi, kama alivyofundishwa na somo yake alipovunja ungo, polepole, akizibana kwa kiganja zikae sawa, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Hii niliikata ya sanda," akasema.

"Najua, Bibi."

"Ulinijibu vibaya siku ile."

"Nilikujibu."

"Mm," akasema, na akaniwekea sode mkononi.

Sijazaa. Sijui kama nitazaa, na hakuna daktari aliyeniahidi. Anayeniuliza mtoto yuko wapi, namwambia aniulize kwanza habari zangu mimi. Siku zangu zinakuja, zinaniuma, zinaniudhi, na kila zinapokuja nakaa pembeni ya msala nikiwa na furaha ambayo si rahisi kumweleza mtu. Dada uliye kwenye benchi, hicho ndicho nilichopigania, na nikiambiwa nianze upya nitaanza na kaka yuleyule.

Siku ile nilipotoka chumbani, Bibi alikuwa ametangulia. Nilimuona kupitia dirishani, amepita nje badala ya kwenda moja kwa moja sebuleni, anamwita Mzee Maganga aliyekuwa kivulini na wanaume.

"Maganga, lile shimo lifukie."

Mzee Maganga akainuka, akachukua jembe. "Bila kitu ndani, Bi Zuwena?"

"Bila kitu," akasema Bibi, akaingia kusali.